Barafu Ndani ya Chupa ya Chai

Jiwe hili lilikuja lenyewe.
Usiku wa Mei lilibingirika na mto Nyamwamba,
likapita jikoni kwangu bila hodi
na kutulia palipokuwa kitanda cha Kyakimwa,
ambaye usiku ule, kwa bahati tu,
alilala kwa bibi yake, juu mlimani.

Sasa nalipasua.
Nyundo ya kilo mbili, shati la marehemu kichwani,
machoni miwani niliyoachiwa na mtu wa bodaboda.
Kokoto napima kwa debe.
Alhamisi lori huja kuzichukua,
likazimwaga kilomita mbili huko chini
wanakojenga ukuta wa waya na mawe
kuuzuia mto
ulioniletea mawe.
Nililicheka jambo hilo peke yangu.
Nikacheka, halafu nikahesabu pesa.

Kaka yangu Masereka ni mpagazi.
Hubeba mahema ya wageni, sufuria zao, hata viti,
na kopo dogo la rangi nyekundu
la kuchora mstari mwambani
pale barafu ilipoishia mwaka huo.
Mstari wa kwanza, asema, niliuchora nimeinama,
kiwiko kikigusa ubaridi.
Leo simama palepale, rusha jiwe
kwa nguvu zako zote:
utasikia jiwe likigonga jiwe.
Ile ngazi ya chuma ya kushukia kwenye barafu
inaning'inia hewani,
ngazi ya nyumba iliyohama.

Mama hakuwahi kupanda huko.
Yeye weupe aliutazama toka mlango wa jikoni.
Ukishuka hadi begani mwa mlima, alitoa mbegu.
Ukipanda, alifunga kikapu.
Mwaka jana alipanda maharagwe mara tatu.
Ya kwanza ililiwa na jua.
Ya pili ilipigwa na mvua ya mawe.
Ya tatu alisema, hii nampandia Mungu,
akitaka, ale.
Akauliza tena, bila kutania:
na Kitasamba, aliyekaa ndani ya theluji,
siku hizi anakaa wapi?
Amepanga chumba Kasese?

Sisi nasi si malaika.
Ile mikaratusi ng'ambo tuliipanda wenyewe
baada ya kumaliza miti iliyoshika udongo.
Babu aliingia mgodini kuchimba shaba,
akatuachia kikohozi na shimo.
Mimi nimesomesha watoto wawili kwa makaa;
magunia nayakumbuka, miti siikumbuki.
Moshi wangu ulipanda.
Huko juu ukakutana na moshi wa miji
ambayo sitaiona hata kwa picha,
ya watu wenye gari la kwenda dukani
na gari la kwenda kanisani.
Hawakutuuliza nani alichoma kiasi gani.
Mto ulipokuja kudai
ulianza na mlango wa karibu.

Jumapili Masereka alishuka
na chupa ya chai kifuani, ndani ya koti.
Nimemletea Mama kipande, akasema,
aushike weupe wake kwa mkono.
Siku tatu ameikumbatia,
akilala nayo, akiwakataza wageni uji moto.
Tukakusanyika. Kyakimwa alinawa mikono kwa sabuni.
Kifuniko kikafunguliwa.

Maji.
Kikombe kimoja na nusu.

Hakuna aliyesema neno, hata jogoo.
Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili,
akaonja, akakunja uso:
"Ina harufu ya tangawizi."
Masereka akaanza kueleza, kwamba aliisuuza,
kwamba chupa ni ya zamani,
sauti ikamkatikia hapo,
mtu mzima, mwenye mabega ya kubeba mahema,
akageukia ukuta.

Mama akanywa nusu.
Nusu akampa mtoto, amalizie.
Kisha akauliza kama kuna mbegu iliyobaki.

Lori linakuja Alhamisi.
Bado debe sita.